Mchikichi, Ziwa na Mafuta ya Kupima: Hesabu ya Faida Migori na Homa Bay

Mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa Migori na Homa Bay, yawe ya chupa yenye nembo au ya kupima dukani, hutokana na tunda la mchikichi. Ndiyo yanayokaangia ngege na mgongo wazi sokoni Homa Bay, maandazi ya alfajiri Rongo na chipsi mjini Migori. Mti huohuo hutoa mafuta yanayotengenezea sabuni ya kipande inayofulia nguo Mbita na Karungu. Hata hivyo mchikichi wenyewe si zao la biashara katika kaunti hizi mbili. Kenya hununua sehemu kubwa ya mafuta ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia, nchi ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani. Shehena hushushwa Mombasa, husafishwa katika viwanda vya Kilifi, Nairobi, Thika na Nakuru, vikiwemo vya Pwani Oil, Kapa, Bidco na Menengai, kisha husafirishwa kwa malori hadi kwa wauzaji wa jumla wa Nyanza. Anayenunua mafuta ya shilingi ishirini katika kibanda cha Kendu Bay yuko mwisho kabisa wa mnyororo huo, na bei anayolipa huamuliwa mbali sana na Ziwa Victoria.

Mawese yameshinda mafuta mengine kwa sababu moja kubwa: mavuno. Hekta moja ya michikichi iliyotunzwa vizuri hutoa tani tatu hadi nne za mafuta kwa mwaka. Alizeti haifiki tani moja kwa hekta hiyohiyo, na soya iko chini zaidi. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulikadiria mwaka 2018 kwamba mchikichi hutoa takriban asilimia 35 ya mafuta yote ya mimea duniani, ilhali hutumia chini ya asilimia 10 ya ardhi iliyotengwa kwa mazao ya mafuta. Mti huanza kuzaa ukiwa na umri wa miaka mitatu au minne, huendelea kwa miaka kama 25, na huvunwa mwaka mzima. Kwa mwekezaji hiyo ni faida isiyo na mfano. Kwa mazingira pia ni hoja nzito, kwa kuwa dunia ikiyaacha mawese na kutaka kiasi kilekile cha mafuta kutoka soya au alizeti, itahitaji ardhi kubwa mara kadhaa.

Ubaya uko katika ardhi iliyotumika. Mchikichi hupenda joto, unyevu na mvua nyingi, yaani mazingira yaleyale yanayokuza misitu ya tropiki. Katika visiwa vya Borneo na Sumatra misitu ilikatwa, na vinamasi vyenye udongo wa mboji vikakaushwa ili kupata nafasi ya mashamba. Udongo huo ukishakauka huwaka kwa urahisi na kwa muda mrefu. Mwaka 2015 moto uliteketeza takriban hekta milioni 2.6 nchini Indonesia, na Benki ya Dunia ilikadiria hasara kwa uchumi wa nchi hiyo kuwa karibu dola bilioni 16. Si moto wote uliowashwa kwa ajili ya mchikichi, lakini mashamba ya mchikichi yalikuwa miongoni mwa sababu kuu. Hasara hiyo haikuongezwa kwenye bei ya lita ya mafuta. Waliivuta wenyeji mapafuni mwao, na msitu ukaenda bila fidia. Mgogoro mzima kati ya uendelevu na faida katika biashara hii unaanzia hapo: mafuta huwa rahisi kwa kuwa sehemu ya gharama yake hulipwa na mtu asiyeyauza wala kuyanunua.

Tabia ya tunda lenyewe huongeza ugumu. Mkungu wa chikichi ukishakatwa, asidi huanza kupanda ndani ya nyama ya tunda, na mafuta hushuka ubora. Kwa sababu hiyo mikungu hutakiwa kufika kiwandani ndani ya saa 24 au karibu na hapo. Mkulima hawezi kuihifadhi akisubiri bei ipande, wala kuipeleka mji wa tatu kumtafuta mnunuzi mwingine. Mwenye kiwanda kilicho karibu ndiye soko. Nguvu ya kupanga bei, kupima uzito na kukataa mzigo humwangukia yeye, hata kama hana nia mbaya. Mkataba wowote wa haki katika zao hili hupimwa kwa namna unavyoipunguza nguvu hiyo.

Majaribio ya kuusahihisha mnyororo huu kutoka upande wa wanunuzi yalianza mwaka 2004, ilipoundwa RSPO, jumuiya ya wazalishaji, viwanda, mabenki na mashirika ya mazingira inayoweka masharti ya mawese endelevu. Tangu mwaka 2018 masharti yake yanakataza kukata misitu kwa ajili ya mashamba mapya. Mafuta yanayotimiza masharti hupewa cheti, na takriban moja ya tano ya mawese yote duniani sasa yana cheti hicho. Lakini cheti kina ngazi zake. Katika ngazi ya juu mafuta hufuatiliwa kutoka shambani hadi kwenye chupa bila kuchanganywa na mengine. Katika ngazi ya kati huruhusiwa kuchanganywa, ila hesabu ya tani huhifadhiwa. Katika ngazi ya chini kiwanda hununua hati tu, na mafuta yaliyomo ndani ya chupa yanaweza kuwa yametoka popote. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2023 sheria inayozuia kuingiza mawese yaliyolimwa katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja.

Mikakati hii yote inamtegemea mnunuzi aliye tayari kulipa zaidi kidogo. Mnunuzi huyo yuko Rotterdam na Hamburg. Homa Bay hayupo, na si haki kumlaumu mama samaki kwa hilo. Anayenunua mafuta kwa kipimo kidogo tayari hulipa bei ya juu zaidi kwa lita kuliko anayenunua mtungi wa lita 20, na faida yake kwa samaki mmoja ni shilingi chache. Mwaka 2022 ulionyesha jinsi alivyo dhaifu. Vita vya Ukraine vilipoanza mwezi Februari, mafuta ya alizeti yaliadimika duniani na wanunuzi wakakimbilia mawese. Tarehe 28 Aprili Indonesia ikapiga marufuku kuuza mawese nje ili kutuliza bei nyumbani kwake, na marufuku hayo yakadumu hadi tarehe 23 Mei. Bei katika maduka ya Kenya ilipaa, na wapishi wengi wa barabarani wakalazimika kupunguza ukubwa wa andazi au kurudia mafuta yaleyale mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya. Miaka miwili baadaye Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mimea. Pendekezo hilo liliondolewa kabla ya mswada wote kutupiliwa mbali mwezi Juni kufuatia maandamano. Nchi isiyojikamulia mafuta yake hubaki ikitikiswa kila upande, na nguo ya kwanza kuchanika ni ya mnyonge.

Swali linalofuata ni kama eneo la ziwa linaweza kulima mafuta yake lenyewe. Jibu la karibu zaidi liko ndani ya ziwa hilohilo, upande wa Uganda. Katika visiwa vya Ssese, wilaya ya Kalangala, kisiwa cha Bugala kimekuwa shamba la michikichi kwa takriban miongo miwili. Mpango uliidhinishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa mkopo wa Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD. Mwaka 2003 serikali ya Uganda ilitia saini makubaliano na Bidco, na kampuni ya Oil Palm Uganda Limited, OPUL, ikaanza kupanda katikati ya muongo huo. Kampuni ya Wilmar ya Singapore, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa mawese duniani, ilikuwa miongoni mwa wabia. Ramani ilikuwa ya hekta 10,000 kisiwani: 6,500 za shamba mama la kampuni na 3,500 za wakulima wadogo wanaolizunguka. Mavuno ya kwanza yalikamuliwa mwaka 2010 katika kiwanda kilichojengwa hapohapo kisiwani, na mafuta ghafi huvushwa hadi Jinja kusafishwa.

Upande wa faida una ukweli wake. Kabla ya mchikichi, watu wa Kalangala walitegemea zaidi uvuvi uliokuwa ukidhoofika. Wakulima walipewa miche, mbolea na gharama za kusafisha shamba kwa mkopo kupitia chombo kiitwacho KOPGT, na marejesho hukatwa kidogokidogo katika mauzo. Bei ya mikungu hupangwa kila mwezi kwa kanuni iliyofungamanishwa na bei ya mawese katika soko la dunia, mbele ya wawakilishi wa serikali, kampuni na wakulima. Jambo hili la kanuni ya wazi linastahili sifa kubwa, maana ni nadra mkulima mdogo wa Afrika Mashariki kujua kabla ya kuvuna jinsi bei yake itakavyokokotolewa. Fedha hulipwa kila mwezi kupitia benki, na wakulima waliopanda mapema wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa malipo hayo.

Upande wa pili ni mzito vilevile. Sehemu kubwa ya misitu ya Bugala ilikatwa. Mwaka 2015 kundi la wakulima lilifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Masaka likidai kuwa lilinyang'anywa ardhi bila fidia ya kutosha, madai ambayo kampuni iliyapinga. Mashirika ya mazingira ya Uganda yamelalamika kwa miaka mingi kwamba miti ilipandwa karibu mno na maji, ilhali kanuni za nchi hiyo za mwaka 2000 zinataka ukanda wa mita 200 uachwe kando ya Ziwa Victoria. Ukanda huo una kazi yake: huzuia udongo na mbolea kuingia ziwani, na hulinda mazalia ya samaki. Hapa ndipo Kalangala inapowagusa wavuvi wa Muhuru Bay na Rusinga. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya ziwa, Uganda asilimia 43 na Tanzania asilimia 51, lakini maji hayana mpaka. Mbolea inayoteremka kutoka shambani, upande wowote ule, hulisha mwani na magugu maji yanayowanyima samaki hewa. Bei ya mawese katika soko la dunia iliposhuka mwaka 2018 na 2019, kanuni iliyowanufaisha wakulima wa Bugala iliwashusha pia, na mkopo ukaendelea kudaiwa.

Kuna njia nyingine, ya Kigoma, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko mchikichi ni mti wa nyumbani tangu zamani. Kaya huvuna, hukamua mawese kwa mashine ndogo au kwa mkono, na huchemsha sabuni. Mbegu ya ndani nayo hutoa mafuta ya mise. Hakuna shamba mama linaloamua bei ya kila mtu. Udhaifu wake ni mavuno madogo kutokana na miti ya aina ya kale. Ndiyo maana tangu mwaka 2018 serikali ya Tanzania, kwa msukumo wa Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa, imekuwa ikizalisha mbegu bora ya tenera katika kituo cha utafiti cha TARI Kihinga. Kigoma hupata mafuta machache kwa hekta, lakini thamani kubwa zaidi hubaki kijijini, hasa mikononi mwa wanawake wanaokamua.

Migori na Homa Bay haziwezi kuiga Bugala hata zikitaka. Mchikichi huhitaji mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, iliyotawanyika vizuri, bila kiangazi kirefu. Visiwa vya Ssese hupata mvua ya kiwango hicho. Ukanda wa ziwa wa Nyatike, Karungu, Mbita na Suba hupata chini ya nusu yake katika miaka mingi, na kiangazi chake ni kikali. Maeneo ya juu kuelekea Kuria na Rongo yana mvua zaidi, lakini kadiri ardhi inavyopanda ndivyo usiku unavyokuwa baridi kwa mti uliozoea nyanda za chini za Afrika Magharibi. Ziwa lenyewe liko mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari. Magharibi mwa Kenya, hasa upande wa Busia, kumewahi kujaribiwa mbegu zinazovumilia baridi, na miti ilizaa, lakini hakukuzuka sekta ya viwanda. Kumwagilia michikichi Nyatike ni jambo linalowezekana kiufundi; kibiashara ni kutafuta hasara kwa makusudi.

Wakazi wa eneo hili pia hawahitaji kwenda Kalangala ili kujua shamba mama na wakulima wa mkataba huishia wapi usimamizi ukilegea. Kampuni ya Sukari ya South Nyanza, maarufu kama Sony, ilisajiliwa mwaka 1976 na kuanza kusaga miwa Awendo mwaka 1979 kwa muundo uleule: shamba la kampuni katikati, wakulima pembeni, pembejeo kwa mkopo, makato wakati wa malipo. Muwa, sawa na mkungu wa chikichi, hausubiri baada ya kukatwa. Kwa miaka mingi Sony ilileta kazi, shule na soko. Kisha zikafuata nyakati za mashine kusimama, miwa kukaukia shambani na malipo kuchelewa kupita kiasi. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne vya sukari, kikiwemo cha Awendo, kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Wazee wa Awendo wanaweza kumfundisha mtaalamu yeyote wa minyororo ya ugavi kwamba kiwanda kimoja kinachonunua zao lisilohifadhika ni hatari isiyotibika kwa ahadi za mdomo.

Tumbaku ilitoa somo jingine, na hili lina matumaini zaidi. Katika Migori, hasa Kuria, kampuni ziliwapa wakulima mbegu na mbolea kwa mkopo na kununua majani kwa madaraja ziliyoyapanga zenyewe. Majani yalikaushwa kwa kuni, na vilima vikabaki uchi. Kenya iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, mkataba ambao unazitaka nchi kuwasaidia wakulima kupata riziki mbadala, lakini kwa miaka mingi ahadi hiyo ilibaki kwenye karatasi. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, pale WHO, Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Mpango wa Chakula Duniani, WFP, waliposhirikiana na serikali ya Kenya kuanzisha Migori mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku. Wakulima walipewa mbegu ya maharage yenye madini mengi ya chuma na mafunzo. Lililowashawishi zaidi ni kwamba WFP iliingia kama mnunuzi. Mkulima alijua atamuuzia nani kabla hajapanda. Mabadiliko mengi ya kilimo endelevu hufa kwa kukosa jambo hilo moja.

Kwa mafuta ya kula, mazao yanayolingana na ardhi hii yapo tayari. Njugu karanga hulimwa Ndhiwa, Rangwe na Rachuonyo tangu enzi za mababu, lakini kuzikamua mafuta si busara: zikikaangwa au kusagwa siagi huleta fedha nyingi zaidi. Alizeti ndiyo yenye nafasi. Hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, huvumilia ukame kuliko mahindi, na mbegu yake ina takriban asilimia 40 ya mafuta. Serikali ya kitaifa iliweka mafuta ya kula miongoni mwa minyororo ya kipaumbele baada ya 2022 na kugawa mbegu za alizeti katika kaunti mbalimbali. Kugawa mbegu bila kujenga soko, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Mawese ghafi huingia nchini yakitozwa ushuru mdogo sana wa forodha au yasitozwe kabisa, kwa hiyo alizeti ya mkulima wa Migori hushindana na hekta inayotoa mafuta mara nne au tano zaidi. Kwa bei ya mafuta peke yake, alizeti hushindwa.

Hushinda pale mabaki yanapoingizwa kwenye hesabu, na katika hili Homa Bay ina bahati ambayo kaunti nyingi hazina. Mashudu ya alizeti, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, ni chakula cha mifugo na samaki. Ufugaji wa ngege katika vizimba umeenea upesi kandokando ya Mbita, Sindo na Roo tangu katikati ya miaka ya 2010, na gharama kubwa kuliko zote za mfugaji wa samaki ni chakula. Viwanda vya chakula hicho hutafuta protini katika soya na mashudu kutoka mbali, na katika omena, ambayo ingefaa zaidi kuliwa na watu. Mashine ndogo ya kukamulia Ndhiwa au Awendo inaweza kuuza mafuta kwa wapishi wa mji na mashudu kwa wafugaji wa vizimba walio umbali wa saa moja au mbili kwa barabara. Mbegu ya alizeti, tofauti na chikichi na muwa, hukaa ghalani miezi kadhaa ikikaushwa vizuri. Mkulima anaweza kusubiri, na anayeweza kusubiri huweza kujadiliana bei.

Ili mpango wa namna hiyo usiwe Sony ya pili, masharti machache hayana budi kuandikwa tangu mwanzo: kanuni ya bei iliyo wazi kama ile ya Kalangala, mizani inayokaguliwa na upande usio na maslahi, malipo kwa muda uliotajwa na riba kwa anayechelewesha, mkopo wa pembejeo unaopungua mavuno yanapoharibika, na ukanda wa ufuo usioguswa na jembe. Kaunti zote mbili zina mabunge yenye mamlaka ya kutunga sheria za kilimo na masoko. Mafuta ya mawese yataendelea kuja Mombasa kwa miaka mingi, na hakuna ubaya katika hilo iwapo wasafishaji wa Kenya wataulizwa hadharani mashamba yao ni yapi na cheti chao ni cha ngazi gani. Lakini mwekezaji atakayefika Homa Bay au Migori akiahidi hekta elfu za michikichi ufuoni anapaswa kukataliwa, na fedha za umma zielekezwe kwa alizeti, maghala na mashine ndogo za kukamulia.